Soksi Moja ya Mguu wa Kushoto

Mama,

Nimeolewa! Hilo ndilo nililotaka liwe neno la kwanza, kabla ya salamu, kabla ya machozi. Nimeolewa na Yusufu, yule kijana wa posta uliyekuwa ukimwita Bwana Stempu, aliyekuja kwetu Kyebando siku ile kuleta barua moja akasahau kuondoka. Nimeolewa, ninapendwa, nina mimba ya miezi mitano, na ninakuandikia nikiwa nimelala chali, mguu wa kushoto juu ya mito miwili, na mlango umefungwa kwa kufuli. Kufuli liko nje.

Usishtuke. Ni kufuli la mapenzi. Tumepanga chumba Makindye, chini ya kambi ya jeshi, kwa kuwa ndicho kilichopatikana. Malori yanapita hapa mchana kutwa, na wanaume wakishuka kwenye malori hubisha hodi pale wanaposikia sauti ya mwanamke peke yake. Ndiyo maana Yusufu, kila asubuhi kabla ya kwenda kupanga barua zake, hunibusu paji la uso, hunisogezea jagi la maji na uji, kisha hufunga kwa nje ili nyumba ionekane haina mtu. Ufunguo mmoja anao yeye. Wa pili ninao mimi chini ya godoro, na kila siku naushika nikicheka, maana ufunguo wa kufuli la nje una kazi gani kwa mtu aliye ndani?

Basi nakaa kimya. Siimbi, Mama. Mimi niliyekuwa nikiimba mpaka makaa yanapoa kwenye pasi yako! Sitwangi, siwashi redio, na chafya naipigia ndani ya mto. Penseli ndiyo kitu pekee kisichopiga kelele. Nilitaka kumwandikia shangazi Mombasa, Yusufu akaniambia, "Saida, usiandike lolote usilotaka lisomwe na mtu wa tatu." Nikafikiri, ni nani ninayeweza kumwandikia asomaye peke yake? Nikakukumbuka wewe. Barua isiyo na anwani hakuna wa kuifungua.

Acha nikwambie kwanza furaha yangu, maana nikianza na huzuni sitaweza kurudi.

Harusi ilikuwa ya mchana, ili kila mtu awe kwake kabla jua halijashuka. Hapakuwa na ngoma. Bi Nuru ndiye aliyekuwa somo wangu, kungwi wa kunifunda, akanisinga kwa liwa siku tatu, na siku ya kwanza tu aliponigeuza kifudifudi mkono wake ukasimama nyuma ya goti langu la kushoto. "Ehe," akasema. "Mama yako hakukuachia pete. Amekuachia kamba." Nikageuza shingo nikaona. Mshipa wa buluu, umejikunja kama mnyoo, kutoka gotini kwenda chini. Nikalia, si kwa maumivu. Nililia kwa aibu, Mama, nisamehe. Miguu yako ndiyo iliyokuwa ikinitia aibu tangu utotoni, na sasa mmoja ulikuwa umeota kwangu.

Bi Nuru alisema nimwambie mume wangu. Sikumwambia. Unajua nilifanya nini? Nilichomoa lastiki kwenye sketi ya ndani ya zamani, nikaifunga kwa nguvu juu ya goti, nikidhani mshipa utajificha kama mtoto aliyetishwa. Kwa miezi mitatu nilivaa magauni marefu, nikawa wa kwanza kuzima taa na wa kwanza kuamka. Yusufu wangu hakuuliza kitu. Alikuwa akiniletea vitumbua vilivyofungwa kwenye karatasi ya kahawia na kuniita "Furushi Langu la Thamani," na mimi nilikuwa nikimchekea huku mguu unawaka moto chini ya gauni.

Mpaka asubuhi moja sikuweza kusimama. Mguu ulikuwa mzito, umevimba hadi kifundo kimepotea. Yusufu akafunua shuka, akaona lastiki imezama ndani ya nyama, akaona kamba zako zote. Nikajifunika uso. Akasema, "Kumbe hii ndiyo siri? Mimi nilidhani una mume mwingine." Akaikata ile lastiki kwa wembe wake wa ndevu, polepole, ulimi umetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Mama, kama nilikuwa sijampenda kikamilifu, nilimpenda hapo.

Akanipeleka kwa daktari. Daktari alikuwa mzee mwenye haraka, lakini alinieleza vizuri. Alisema damu ikishuka mguuni ina malango madogo ya kuisaidia kupanda, na malango yangu yamelegea kama yako, na sasa mimba inaongeza mzigo. Alisema lastiki ya juu ya goti ni kama kufunga mdomo wa gunia na kushangaa kwa nini gunia limejaa. Kinachotakiwa ni kinyume chake: kubana zaidi chini kwenye kifundo, na kulegeza kadiri unavyopanda. "Unahitaji soksi za mishipa," akasema. "Mguu huu hasa. Na usisimame muda mrefu, na miguu juu kila mchana. Damu ikiganda humo ikapanda kifuani..." Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza, mimi ndiye niliyekukuta umeanguka mbele ya meza ya pasi. Nilimwambia. Akavua miwani. Alisema hawezi kuapa kwamba soksi zingekuokoa. Mimi sikumwomba aape.

Nilimuuliza soksi zinapatikana wapi. Akacheka kidogo bila furaha.

Tulipita kwenye lile duka la dawa mjini, ulikokuwa ukinipeleka nikiwa mdogo. Unakumbuka yule Mhindi mwembamba aliyekuwa akipiga goti kukupima kifundo, kisha shavu la mguu, akiandika kila namba kwa penseli aliyoitoa nyuma ya sikio? Ameondoka na wenziwe wote walipofukuzwa nchini. Duka kapewa mtu mwingine, na rafu ni tupu mpaka unaona rangi ya ukuta. Kilichobaki dirishani ni ule mguu wa plasta uliokuwa ukivishwa soksi za maonyesho. Sasa uko uchi, umesimama peke yake, vidole vinatazama barabara. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Yusufu akanivuta. "Twende, usiutazame sana, utaniona mimi nina miguu mibaya." Lakini mimi nilikuwa nimeshakumbuka lile boksi.

Mama, sasa nafika pale ambapo penseli inataka kukimbia.

Ulikuwa na jozi mpya. Uliinunua siku za mwisho za yule Mhindi na ukaiweka ndani ya boksi lake, chini ya kanga zako. Nilikuuliza kwa nini huzivai, wakati za zamani zimelegea zinateremka kama ngozi ya nyoka. Ukasema, "Hizi ni za harusi yako. Siku hiyo nitasimama kutwa, na sitaki nikae hata mara moja." Ukaendelea kuvaa zilizolegea. Ukaendelea kusimama, sare kumi, sare kumi na tano za polisi wa Nsambya, kaki ngumu yenye wanga, mpaka siku ile.

Siku ya arobaini tuligawa nguo zako sadaka. Na mimi mtoto wa mpiga pasi, niliyelelewa kwa maneno yako, "Hatumpi mtu nguo iliyokunjamana, hata maskini ana haki ya kunyooshewa," nikaamka mapema nikawasha mkaa. Nikapiga pasi kila kitu. Kanga, magauni, hata vitambaa vya kichwa. Nilikuwa nalia, mikono inaenda yenyewe. Nikafungua boksi. Nikatandaza soksi ya kwanza. Nikaweka pasi.

Nilisikia harufu ya mpira unaoungua kabla sijaelewa. Ile ndiyo nguo pekee katika nyumba yetu ambayo hukuwahi kuipiga pasi. Ulikuwa ukizifua kwa mkono kwa maji ya vuguvugu, ukizikamua ndani ya taulo bila kuzisokota, ukizitandaza kivulini, ukiniambia, "Jua na moto ni adui zao." Nilijua. Nilijua na mkono haukukumbuka. Soksi ikajikunja, ikawa ngumu upande mmoja, ikapoteza uhai. Na badala ya kusema ukweli, niliikunja ndani ya ile nzima, nikafunga boksi vizuri, nikalipeleka kama sadaka yako, kwa jina lako, nikijua ina ila.

Nilimpa Mama Opio. Ungempa nani mwingine? Yule mke wa polisi pale Nsambya aliyekuwa akikuletea sare za mumewe, mkikaa ukumbini na kufunuliana miguu kama wanawake wengine wanavyoonyeshana bangili. "Yangu ni mto Nile," alikuwa akisema. "Yako ni kijito cha Kafu tu." Mkicheka mpaka mnashika mbavu.

Kwa wiki nzima baada ya duka lile sikuweza kulala. Sadaka hairudiwi. Ulinifundisha mwenyewe kwamba anayerudia sadaka yake ni kama mbwa anayerudia matapishi. Na huyu si mtu yeyote: mume wake alitoka kwenda kazini siku moja, mwezi mmoja kabla hujafariki, na hajarudi, na hakuna aliyethubutu kumwambia yuko wapi. Niende kumvua mama huyo soksi mguuni? Lakini kila asubuhi mguu ulikuwa mzito zaidi, na mtoto ameanza kucheza tumboni, na mimi nilikuwa nikiusikiliza moyo wangu kama mtu anayesubiri hodi. Niliogopa kufa, Mama. Niliogopa kufia ndani ya chumba hiki, Yusufu aje afungue kufuli lake la mapenzi anikute kama nilivyokukuta wewe.

Jumamosi nikamwambia Yusufu yote, na soksi iliyoungua pia. Akanisindikiza Nsambya.

Tulimkuta getini pa nyumba za polisi, amesimama. Wanasema husimama hapo tangu asubuhi mpaka jioni. Walishamwambia ahame, chumba kinatakiwa na polisi mwingine, naye anajibu neno moja kila mara: "Nikitoka hapa, yeye akirudi nakuta mimi wapi?" Amekonda, Mama. Lakini aliponiona alipiga kigelegele kimoja kifupi, akakikata kwa kiganja, akaangalia huku na huku. "Saida! Na tumbo! Bwana Stempu, wewe nafanya kazi kweli!" Yusufu akatazama viatu vyake.

Akatuingiza chumbani. Ukutani imening'inia sare ya pili ya mumewe, ile uliyoipiga pasi wewe mwenyewe. Mikunjo ya suruali bado imesimama kama kisu. Hamruhusu mtu kuigusa. Nilisimama mbele ya kazi ya mikono yako nikasahau nilichokuja kusema, mpaka akanisukuma nikae, akaniinua mguu bila kuniomba, akaona.

"Ah," akasema. "Kumbe Kafu imefika huku."

Nikasema. Nilisema yote kwa pumzi moja, kwamba nilimpa sadaka mbovu, kwamba niliichoma, kwamba niliificha, kwamba nimekuja kuomba kisichoombwa. Alinisikiliza mikono kiunoni. Halafu, Mama, akacheka! Kicheko chenu kile cha ukumbini.

"Wewe nafikiri mimi sikujua? Siku ile ile mi nafungua boksi, naona moja imekufa. Nikasema, nani katika Kampala yote anaweza kupiga soksi pasi? Ni mtoto ya mama wa pasi peke yake!"

Akakaa kitandani, akapandisha gauni lake refu la gomesi, akaivua ile nzima kutoka mguu wake wa kulia, taratibu, kwa kuikunja kutoka juu kwenda kifundoni, kama ulivyomfundisha wewe. Ngozi ilibaki na alama za nyuzi. Nilikataa. Nilishika mkono wake. Nikamwambia sadaka hairudi.

"Nani nasema inarudi? Mimi naazima wewe. Mtoto akizaliwa, mguu ikipona, naleta. Mimi nasimama, mimi tu peke yangu. Wewe nasimama watu wawili."

"Na wewe utafanya nini na mguu?"

"Mimi?" Akatazama dirishani, kwenye geti. "Mimi nangoja tu."

Njiani kurudi kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Mmoja akanipekua mfuko akaitoa ile soksi. Akaivuta, ikarefuka, ikarudi. "Hii nini? Soksi ya Muzungu? Hamukusikia amri ya mavazi?" Nikamtazama Yusufu. "Na moja iko wapi? Nani nanunua soksi moja? Hii iko na maneno." Wenzake wakasogea. Yusufu wangu, anayenong'ona hata akiniomba chumvi, akasogea mbele yangu akasema kwa sauti, "Afande, mke wangu ana mguu mmoja mgonjwa. Ni dawa, si vazi. Mwone." Akapiga goti barabarani, akanyanyua pindo la gauni langu mpaka nusu ya ugoko, si zaidi, akafunika haraka kama mtu anayefunga bahasha.

Yule askari alitazama muda mrefu. Alikuwa kijana kuliko mimi. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mama yangu kule Arua iko na hiyo." Akaendelea kuishika ile soksi, akiipima kwa vidole, na mimi nikajua anafikiria kuichukua. Sikuweza kumchukia, Mama. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikamwambia, "Mwambie alale miguu juu ya ukuta kila mchana. Asifunge kitu chochote juu ya goti. Akisimama, achezeshe vifundo." Akarudia polepole: ukuta, goti, vifundo. Kisha akanitupia soksi kifuani. "Pita. Haraka, kabla mi nabadilisha akili."

Tulipita. Yusufu alitapika nyuma ya kibanda.

Sasa nikueleze asubuhi zetu, maana ndizo utajiri wangu. Kabla mguu wangu haujagusa sakafu, kama ulivyoniamuru siku zote na sikuwahi kusikia, Yusufu huniinulia mguu dakika kumi na kunisimulia majina ya ajabu aliyoyaona kwenye bahasha. Kisha huupaka poda. Huvaa glovu za mpira zinazofika kwenye viwiko, anaonekana kama daktari wa ng'ombe. Huigeuza soksi nje ndani mpaka kisigino, huingiza vidole vyangu, huweka kisigino mahali pake, kisha hupandisha, kiganja baada ya kiganja, akilainisha kila mkunjo, kwa sababu mkunjo mmoja unakata kama lastiki. Mpaka chini ya goti. Nani angesema mapenzi yana harufu ya poda na mpira? Kisha ananibusu paji la uso, na nasikia kufuli. Tap.

Inabana, Mama. Hukuwahi kuniambia jinsi inavyobana. Saa za kwanza nataka kuirarua. Chumba kinanibana, kimya kinanibana, nchi inanibana, na hii soksi juu yake. Lakini jioni naivua, na kifundo changu kipo, mfupa wake wa duara upo, na mguu ni mwepesi. Ndiyo kitu pekee kinachonibana ambacho kinanipa kitu. Nalala nikimshukuru Mungu kwa mume niliyepewa, na naamka nikimfikiria Mama Opio na mguu wake mtupu pale getini.

Jumamosi iliyofuata tulimpelekea kiti chako. Kile kirefu ulichokuwa ukikiweka pembeni ya meza ya pasi na hukukikalia hata siku moja. Yusufu alikibeba kichwani kutoka Kyebando, pamoja na sanduku la sabuni la kuwekea miguu. Tulimwekea pale getini. Alibisha. Alisema akikaa hataona vizuri. Nikamwambia, "Mama angetaka kitumike." Akakaa. Akainua miguu juu ya sanduku. Yusufu akamwambia kwamba kila barua inayopita mkononi mwake anaangalia jina lake kwanza. Alivuta gomesi likafunika miguu, akatazama barabara.

Nasikia hatua za Yusufu sasa. Nazijua, zinakuja mbili mbili kwa haraka. Lazima nifiche karatasi hii, na sitaki kukuaga, Mama, mdomo haujui. Lala pema. Lala na miguu iliyonyooka, isiyouma, usisimame tena kwa ajili ya mtu yeyote.

Na nakuahidi hili. Mtoto akizaliwa salama, kama ni msichana ataitwa Zainabu kama wewe, na nitamwonyesha miguu yangu bila aibu. Na siku nitakapoweza kutoka kwenye mlango huu kwa miguu yangu miwili, nitakwenda Nsambya nikamrudishie Mama Opio soksi yake. Itakuwa imefuliwa kwa mkono, imekaushwa kivulini. Haitakuwa imepigwa pasi.

Mwanao,
Saida